Mazishi Yaliyosomwa Alhamisi

Watu wengi wa Rungwe walimjua Atupakisye kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Sokoni Tukuyu alikuwa akichagua viazi kimyakimya, maana akifungua kinywa tu kuuliza bei, muuzaji humtazama mara mbili na kusema, "Aa, mama, wewe si ndiye wa redio?" Na baada ya hapo huulizwa habari za marehemu fulani, kama amezikwa au bado, utadhani yeye ndiye mwenye daftari la kaburi.

Sauti hiyo alizaliwa nayo Masukulu: nzito kidogo kwa mwanamke, isiyo na haraka. Ujanani alikuwa akipima majani mabichi katika kiwanda cha chai, na Jumapili akisoma matangazo kanisani. Alipofariki mfanyakazi mwenzao mmoja, akaombwa asome wasifu wa marehemu pale makaburini. Mvua ilikuwa ikinyesha, karatasi ikalowa, mstari wa mwisho akausema kwa kichwa. Miongoni mwa waliosimama chini ya miavuli alikuwamo mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mtu ambaye babu yake alitokea Kilwa, na ambaye wakati ule alikuwa katika mipango ya kufungua kituo kidogo cha redio. Wiki ya pili yake akamfuata hadi kiwandani. "Nataka sauti ile," alisema, "na nataka ianze mapema kuliko jogoo."

Kituo kikaitwa Migomba FM, na Atupakisye akakifungua kila siku kwa miaka kumi na sita. Saa kumi alfajiri yuko macho. Saa kumi na moja anapanda kilima na ukungu umemfunika hadi kiunoni, kanga kichwani, sweta juu ya sweta. Saa kumi na moja na nusu mitambo imewaka, sala imesomwa, na saa moja kamili ni vifo: jina, umri, kijiji, nani watoto, nani ndugu, mazishi siku gani na saa ngapi. Mwenye kituo naye akafariki, na tangazo lake akalisoma Atupakisye mwenyewe. Mjane wake, Bi Hasina, akashika usukani, na kazi ikaendelea vilevile.

Mwaka juzi Enosi, mume wa Atupakisye, alianguka shambani kati ya mistari ya parachichi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakawa yanamtoka yamevunjikavunjika. Mtoto wao, Ezron, yuko Tunduma na kazi yake na familia yake. Huja, hukaa siku mbili, huondoka. Kwa hiyo mama akawa anamgeuza mgonjwa, anambadilisha, anamlisha uji, kisha anatoka. Saa nne asubuhi redio huwa na mahubiri yaliyorekodiwa, dakika arobaini. Hizo ndizo alizokuwa nazo: kushuka kilima mbio, kumgeuza Enosi upande wa pili ili mgongo usichubuke, kumnywesha maji, kupanda kilima tena. Mhubiri akisema "Na tuombe," yeye anavuta kiti na pumzi hana. Hakuna aliyejua, isipokuwa Bi Hasina, aliyekuwa akimwona kupitia dirisha la ofisi na hakusema kitu.

Mpaka siku aliyomwita. "Mama Ezron, kaa," alisema. "Nimezungumza na fundi mmoja wa Mbeya. Kuna programu ya kompyuta inayoendesha kituo yenyewe. Unaipangia, inafungua, inapiga nyimbo, inasoma kila ulichorekodi, saa zote. Utakuwa unakuja saa tano, unapanga, unarekodi, unaondoka saa kumi. Asubuhi unabaki na mzee."

Atupakisye alikuwa amechoka kiasi kwamba furaha yenyewe ilikawia kufika.

"Na mimi nitakuwa nani hapa?" aliuliza.

"Sauti ni yako. Ila miguu ipumzike."

Fundi akaja, jina lake Mrisho, mtu wa makamo mwenye mkoba mzito na kikohozi. Akafunga kompyuta mpya na betri ya akiba, akaunganisha na mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na kwa siku tatu akakaa naye mbele ya kioo. Alikuwa mwalimu mpole lakini aliyekwisha kuchoshwa na mashine. "Hii haina akili, mama," alimwambia asubuhi ya kwanza. "Ina utiifu. Ni vitu viwili tofauti."

Kwanza nyimbo. Zilikuwa elfu mbili na ushee, zilizorundikwa miaka yote hiyo, na nusu yake hazikuwa na jina. Ziliandikwa Trek 01, Trek 02, Trek 03, kila sidii ya kwaya ikianza upya na Trek 01 yake. Ilibidi afungue mojamoja, asikilize mwanzo, akumbuke ni kwaya gani, aandike, kisha aiweke kwenye folda yake: asubuhi, mchana, jioni, maombolezo. Kisha saa. Mrisho alimweleza kwamba kila saa moja ni kama chungu: unaamua nini kinatangulia kuingia, nini kinafuata, tangazo la sabuni dakika ya kumi, salamu dakika ya ishirini. Ukishapanga vyungu vyote, unabonyeza kitufe, na mashine inakutengenezea orodha ya siku nzima na ya kesho yake. Hiyo ndiyo inayoifuata, mstari kwa mstari.

Kilichomshinda siku ya kwanza kilikuwa kitu kidogo. Saa tisa alasiri, jua kali nje, Mrisho akamwambia arekodi salamu za asubuhi. Akavuta kipaza sauti, akasema, "Habari za asubuhi, wana Migomba," akakisukuma mbali.

"Nini?" Mrisho aliuliza.

"Nawasalimu watu ambao hawajaamka."

"Ndiyo hivyo. Ila usitaje mvua wala jua. Hapa kwenu siwezi kukuhakikishia."

Wiki ya kwanza mambo yakaenda. Jumatatu ile ya mwanzo Atupakisye alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, maji ya kumwogesha Enosi yanachemka, redio ikiwa rafuni, na saa kumi na moja na nusu kamili akajisikia anasali. Enosi akageuza kichwa taratibu, akamtazama yeye, akaitazama redio.

"Wewe... hapa," alisema kwa taabu. "Wewe... kule."

"Niko hapa, baba Ezron. Kule ni mashine."

"Zima."

Akaizima. Tangu hapo haikuwashwa tena nyumbani mwao. Enosi hakupenda kumsikia mkewe pande mbili, na Atupakisye, kusema kweli, hakutaka kujisikia kabisa. Miaka kumi na sita alikuwa ameishi na sikio moja kwenye hewa. Sasa alimwogesha mumewe bila kutazama saa, akamkanda mguu kwa mafuta, akapika, na akiketi hapo nje ya mlango alisinzia na kisu mkononi, ndizi zikiwa nusu zimemenywa.

Wiki ya tatu, Jumatatu, lilikuja tangazo la Mzee Isakwisa wa Nkunga. Umri miaka themanini na moja, mazishi Alhamisi saa nane mchana, habari ziwafikie dada yake Atuganile wa Kisiba na ukoo wote popote walipo. Aliyeleta karatasi alikuwa Hezron, karibu wajina wa Ezron wake, mpwa wa marehemu, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye koti la mvua. Atupakisye akarekodi, akaweka kwenye folda ya vifo.

Jumanne kabla ya saa sita Hezron akarudi, amelowa hadi magotini.

"Mama, samahani. Siku imebadilika. Mchungaji ana misiba mitatu, Alhamisi hayupo. Tunazika kesho Jumatano, saa saba."

"Ndugu wote wana habari?"

"Kwa waliobaki tunategemea redio. Bibi Atuganile simu yake ilizama mtoni mwezi uliopita. Lakini redio haimpiti."

"Usiwe na wasiwasi," alisema Atupakisye.

Akafanya kama alivyofanya siku zote. Akachukua daftari, akakata Alhamisi kwa mstari mmoja mnene, akaandika juu yake Jumatano. Akarekodi upya, akaweka kwenye folda ileile ya vifo. Kisha akajifunga vipokea sauti masikioni, akaendelea na kwaya zisizo na majina, na saa kumi akateremka kwenda nyumbani. Jioni ile alilala mapema, redio ikiwa kimya rafuni.

Asichokijua ni kwamba orodha ya siku ilikuwa imeshatengenezwa tangu alipofika saa tano. Mashine haikuchungulia folda. Ilifuata orodha, mstari kwa mstari, kama ilivyoambiwa. Jumanne saa saba mchana ikasoma Alhamisi. Saa kumi na mbili jioni ikasoma Alhamisi. Jumatano saa moja asubuhi, kaburi likiwa tayari linachimbwa Nkunga, sauti nzito isiyo na haraka ikawaambia watu wa wilaya nzima kwamba Mzee Isakwisa atazikwa kesho.

Alhamisi mchana, Atupakisye akiwa amejifunga vipokea sauti masikioni, Bi Hasina aliingia studio. Hakuwa na kawaida ya kuingia.

"Vua hivyo," alisema. "Mama Ezron, yule mzee wa Nkunga alizikwa lini?"

"Jana."

"Na wewe ulisoma lini?"

Atupakisye akafungua daftari, akaonyesha ule mstari mnene. Bi Hasina akatikisa kichwa, akainama, akasukuma panya ya kompyuta mpaka kwenye orodha ya jana. Wakasoma pamoja. Wakabonyeza. Sauti ya Atupakisye ikasema Alhamisi.

"Wamepiga simu," Bi Hasina alisema. "Dada yake amefika leo kutoka Kisiba na gari la kukodi, kina mama kumi na moja, na ndizi na maharage na mablanketi. Wamekuta udongo." Akakaa kwenye kiti cha wageni. "Sisi Waislamu tunazika upesi, siku hiyohiyo ikiwezekana. Wengi hatuwahi. Lakini hakuna anayetudanganya siku."

"Mimi sikudanganya."

"Najua. Nitamtuma meneja wa matangazo aende na kitu mkononi."

"Hapana," alisema Atupakisye. "Sauti ni yangu. Nitakwenda."

Ijumaa asubuhi alimwacha Enosi na jirani, akapanda bodaboda hadi Nkunga. Njia ilikuwa tope jekundu, na njia nzima hakuwa na la kufikiri. Alikuwa amechoka mno hata asiogope. Msibani wanaume walikuwa wamekaa nje wakiota moto chini ya turubai. Aliposema "Poleni na msiba," mazungumzo yakakatika. Walimjua. Mmoja akatema mate pembeni, mwingine akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Ndani kina mama walikuwa kwenye mikeka. Bibi Atuganile alikuwa ukutani, mwembamba, macho makavu, amevaa kofia ya sufu ya mtoto. Atupakisye akapiga magoti mbele yake, akamsalimu kwa Kinyakyusa kama inavyopasa. Bibi akaitikia kwa pumzi tu, kisha akanena kwa Kiswahili, ili na wageni waliokuwamo wasikie.

"Sauti hii naijua. Kila siku iko jikoni kwangu. Nikasema, mtoto huyu hasemi uongo. Wajukuu wakaniambia, bibi, twende leo. Nikasema hapana, ledio imesema Alhamisi."

"Nisamehe, mama. Ni kosa langu. Nilibadilisha kwenye daftari, kwenye mashine halikubadilika."

"Masine gani?"

"Kuna mashine sasa. Narekodi mchana, yenyewe inasoma asubuhi."

Bibi akamkazia macho. "Mwe bandu, jamani! Kwa hiyo ukisema habari sa asubuhi, haupo?"

"Sipo, mama."

"Uko wapi?"

Atupakisye alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa swali hili hakujiandaa. "Nyumbani," alisema. "Mume wangu amepooza. Namgeuza."

Mikekani mtoto akalia, akapewa titi. Bibi Atuganile akashika ukingo wa kanga yake akaukunjakunja kwenye kidole.

"Isakwisa nilimbeba mgongoni," alisema. "Mama yetu alikufa, mimi nikambeba. Miaka themanini na moja, sikumrusia udongo. Na sasa huko nje wanasema, dada mtu hakuja kusika. Wanasema alikuwa na ugomvi wa samba. Mimi sina ugomvi."

"Nifanye nini, mama?"

"Useme kwenye ledio kwamba nilikuja. Useme kosa si langu. Si masine iseme. Wewe."

Baadaye mwanamke mmoja akamletea Atupakisye ndizi na maharage kwenye bakuli, akamwambia akae ale, maana msiba haufukuzi mtu. Akala. Alipomaliza akakaa na kina mama kumenya ndizi hadi saa sita.

Bi Hasina hakulipenda wazo lile. "Tukikiri hewani, kila tangazo watalitilia shaka," alisema. "Wenye biashara nao watasikia."

"Wameshasikia. Nkunga yote imesikia."

"Si tungemwandikia barua ya kuomba radhi?"

"Bibi yule hatasomewa barua na watu wanaomsema, Bi Hasina. Watamsikiliza mtu wa redio."

Bi Hasina akazungusha pete kidoleni. Alikuwa mwanamke wa hesabu, lakini alikumbuka siku ambayo sauti hiyohiyo ilisoma jina la mumewe. "Soma," alisema mwishowe. "Lakini fupi."

Jumamosi saa saba mchana Atupakisye aliisimamisha mashine kwa mkono wake. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba sasa inaendeshwa na mtu. Hakuwa na karatasi. Akawaambia wasikilizaji kwamba yeye ni Atupakisye, kwamba yuko studio saa hii, na nje kuna manyunyu. Akasema kwamba Jumanne na Jumatano kituo kilitangaza siku isiyo sahihi ya mazishi ya Mzee Isakwisa wa Nkunga. Kwamba taarifa sahihi ililetwa mapema na familia, na yeye ndiye aliyeshindwa kuipanga. Akasema dada wa marehemu, Bibi Atuganile wa Kisiba, alifika siku aliyotangaziwa, pamoja na kina mama kumi na moja, mikono yao ikiwa na vitu. "Bibi alikuja," alisema. "Alikuja siku ambayo mimi nilimwambia." Kisha akairudisha mashine kwenye kazi yake. Mstari uliofuata ulikuwa tangazo la sabuni, na likapigwa.

Alimpigia Mrisho simu mchana uleule. Fundi alisikiliza yote, akakohoa, akasema, "Mama, ukibadilisha kitu lazima utengeneze orodha upya. Ni kitufe kile cha chini. Nilikuonyesha siku ya pili."

"Ulinionyesha vitufe sitini siku ya pili."

"Kweli," alisema Mrisho. "Pole. Kuna na mahali pa kuandika tarehe ya mwisho, tangazo likifika hapo linajifuta. Hapo sikukuonyesha kabisa."

Akamwelekeza, naye akaandika kila hatua kwa kalamu kwenye daftari. Lakini vifo alivitoa kwenye mashine. Walikubaliana na Bi Hasina: visomwe mara mbili, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, na mtu aliyeketi kitini. Matangazo ya vifo ya asubuhi yakaisha. Watu wakalalamika, hasa wanaokwenda mashambani mapema, na walikuwa na haki. Atupakisye naye akalipa: ile alasiri iliyokuwa imeanza kuwa yake ikarudi kituoni, na siku za misiba mingi alifika nyumbani giza limeingia bondeni. Asubuhi zilibaki. Asubuhi alikuwa na Enosi, na mgongo wa Enosi ulikuwa umepona vidonda vya kulala viwili kati ya vitatu.

Wiki mbili zikapita kabla Hezron hajatokea tena mlangoni na lile koti la mvua. Safari hii marehemu alikuwa jirani yao, mama wa makamo.

"Bibi Atuganile hajambo?" Atupakisye aliuliza, akitafuta kalamu.

"Hajambo. Amerudi Kisiba."

"Alisikia?"

"Alisikia. Tulikuwa naye msibani bado, redio ikawekwa nje kwa wanaume, sauti juu kabisa. Yeye mwenyewe aliagiza iwekwe kule."

"Akasemaje?"

Hezron akafikiri kwa uaminifu. "Hakusema kitu, mama. Alichukua tu jembe akaenda kwenye kaburi la marehemu, akaongeza udongo kidogo. Hakuna aliyemzuia."

Atupakisye akatikisa kichwa. Alitamani aambiwe neno la msamaha, na neno halikuwapo, na hakuwa na nguvu ya kulitafuta. Akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya.

"Haya. Jina la marehemu?"

Hezron akamtajia. Akamtajia umri, na watoto, na kijiji.

"Mazishi lini?"

"Jumapili, saa nane."

"Mchungaji mmemuuliza?"

"Tumemuuliza."

"Kamuulizeni tena," alisema Atupakisye, "halafu unipigie. Nitakuwa hapa hapa."